Tiki niliyoiweka mwenyewe ndiyo iliyonipeleka Ibadan

Toka mwezi uliopita nimepokea meseji nyingi za wadogo zangu manesi na matabibu, na karibu zote zinasema hivyo hivyo, dada ulipataje ile skolashipu ya kusomea masta ya afya ya uzazi kule Ibadan, Nigeria, naomba linki. Linki naweza kukutumia sa hivi. Ila nimeshawatumia watu wengi, na wengi wao waliifungua wakajaza jina na namba ya pasipoti wakaishia hapo, kwaiyo leo nimekaa chini niandike yote, hata yale ambayo nikiongea kwa simu huwa nayaruka. Ni ndefu, chukua chai kabisa.

Mi ni muuguzi mkunga. Kwetu Kisarawe. Digrii ya uuguzi nilimaliza 2014 na ajira ilipotoka mwaka uliofuata ikanipeleka Katavi, nikashuka Mpanda na treni ya kutoka Tabora nina begi, ndoo na godoro, simjui mtu hata mmoja. Kituo chetu cha afya kilikuwa nje ya mji kabisa, leba ina vitanda viwili, usiku mkunga ni mmoja, umeme ukikatika unabana tochi ya simu kwa meno ili mikono ibaki na kazi yake. Wanaofanya kazi vijijini wanajua hiyo ni kawaida, siandiki ili nionewe huruma, naandika ili ujue nilikuwa nimesimama wapi.

Wasichana walikuwa wengi mno. Anakuja na mama mkwe au shangazi, ukimuuliza una miaka mingapi anamtazama kwanza aliyemleta ndio anajibu, kumi na nane sista. Wote walikuwa na kumi na nane. Baadae nilikuja kusoma ripoti ya TDHS, ule utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, ya 2015-16 nikakuta Katavi ndiyo inaongoza nchi nzima, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, wakati taifa zima ni 27. Ile namba haikunishtua hata kidogo. Nilichofikiria ni kwamba kumbe kuna mtu alikuja akahesabu.

Sasa ikaja siku moja, alfajiri, binti ameletwa na bodaboda uchungu umeshakolea, njia karibu imefunguka yote, tukahangaika naye akajifungua salama mtoto wa kike. Asubuhi napita kumwangalia akaniambia, sista umenisahau? Wewe ndiye uliyenizalisha na yule wa kwanza. Kweli sikumkumbuka. Nikaenda kufungua MTUHA, vile vitabu vya kumbukumbu za kituo, kitabu namba 12 cha leba, nikarudi nyuma kurasa na kurasa mpaka nikamkuta, miezi kumi na saba nyuma, na mwandiko ni wangu. Nikafungua na namba 13 cha baada ya kujifungua, kwenye kolamu ya ushauri wa uzazi wa mpango kuna tiki, na tiki ile niliiweka mimi. Yaani kwa wilaya, kwa mkoa, kwa yeyote atakayesoma ripoti ya mwezi ule, huyu binti alishauriwa. Nilikaa pale najaribu kukumbuka nilimwambia nini na halikuja hata neno moja, manake ukweli ni kwamba zamu ikikaribia kuisha tulikuwa tunajaza vitabu kwa haraka kwa wote waliolala wodini, tiki tiki tiki, ili mwenzako akikabidhiwa akute kitabu kimekamilika.

Nikarudi kumuuliza mwenyewe. Akasema mliniambia nirudi baada ya wiki sita nichague njia ya uzazi wa mpango, ila mama mkwe alisema sitoki ndani na mtoto mchanga kabla ya arobaini, na arobaini ilipoisha ukawa msimu wa mpunga, tukahamia shambani. Alivyosema wala hakulalamika, alikuwa ananieleza tu kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali langu, wangapi wana tiki na wangapi walitoka na njia mkononi, na katikati ya tiki na njia kunatokea nini. Ila ilinichukua miaka kuelewa kwamba hilo ni swali la masta, nilidhani ni uchungu wangu tu wa kazi.

Mara ya kwanza kuaplai ilikuwa 2018, skolashipu ya serikali moja ya Ulaya. Insha yangu ilianza, tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuisaidia jamii yangu. Nikaendelea kueleza jinsi afya ya uzazi ilivyo muhimu kwa maendeleo ya taifa, nikaweka na mkutano wa Cairo wa 1994, nikajaza maneno makubwa makubwa. Nikakataliwa bila hata kuitwa kwenye intavyu. 2019 nikabadilisha nchi nikapeleka insha ile ile, nikakataliwa tena. 2020 sikuaplai popote, nilikuwa na mtoto mchanga. 2021 nikampa daktari mmoja wa hospitali ya wilaya anisomee, mtu mwenye maneno machache, akasoma akanirudishia akasema, sista, nikifuta jina lako hapa nikaandika la mtu mwingine hakibadiliki kitu, wewe uko wapi humu ndani? Nikamsimulia yule binti na ile tiki. Akanyamaza muda, alafu akasema hicho ndicho uandike. Akaniuliza na swali moja zaidi, umehesabu?

Sikuwa nimehesabu. Nikaanza. Nikamwomba ruhusa mganga mfawidhi, kila nikitoka zamu nakaa na vitabu kama nusu saa, majina siandiki, naandika umri, tarehe, tiki, na kama jina hilo linaonekana baadae kwenye kitabu namba 8 cha uzazi wa mpango. Daftari la shule la kawaida, miezi minne. Namba zangu sitaziweka hapa kwasababu zilikuwa za kituo kimoja na haukuwa utafiti, ila zilinionyesha pengo ni kubwa kuliko nilivyodhani na zilinipa sentensi ambayo hakuna mwombaji mwingine angeweza kuiandika. Huo ndio msaada wangu kwako kama utaishia kusoma hapa. Wanaosoma maombi wanasoma ndoto za utotoni mia kwa siku. Nesi wa Nkasi au tabibu wa Kilwa ana kitu ambacho msomaji wa London hawezi kukipata bila yeye, na hakihitaji Kiingereza cha kupamba, kinahitaji kusemwa kama kilivyo.

Katika hiyo miaka nilijifunza na mengine kwa maumivu. Masharti yasome kabla hujakipenda chuo. Mi niliipenda sana DAAD ya Ujerumani, ile orodha yao ya kozi za maendeleo, nikaitafuta kozi ya afya ya kimataifa Heidelberg, nikajiona niko kule kabisa, alafu nikakuta wanataka digrii yako isiwe imepita miaka sita, na yangu ilikuwa ya 2014 na ilikuwa tayari 2021. Hakuna wa kumlaumu, ni mimi sikusoma. Kwaiyo wewe uliyemaliza juzijuzi na unajiambia ngoja kwanza nijipange, saa yako inatembea, pata ile miaka miwili ya kazi wanayotaka alafu anza mara moja.

Na jingine, kuna mwenzangu alitoa laki tatu na nusu kwa mtu aliyejiita wakala wa skolashipu, akaambiwa nafasi yake iko tayari imebaki kulipia faili. Hakuna faili. Skolashipu za serikali na mashirika nilizozitaja na nitakazozitaja humu unaaplai mwenyewe kwenye tovuti yao au ya chuo chenyewe, na mtu akikuambia ana njia ya ndani, simama hapo hapo.

Kitu kilichonisaidia sana kabla ya kuaplai tena ni kozi ya mtandaoni ya GFMER, taasisi ya Geneva inayofundisha utafiti wa afya ya uzazi kwa watu wa nchi kama zetu. Nilikuwa naisoma usiku kwa bando la simu, nikajifunza jinsi ya kuligeuza swali langu la wodini likawa swali la utafiti. Cheti ni kizuri kuweka kwenye CV, ila faida kubwa ilikuwa kwamba nilipofika kwenye fomu inayouliza unataka kutafiti nini, kwa mara ya kwanza nilijua jibu.

Alafu ndio nikaiona Pan African University. Wengi hawaijui na mi nasikitika. Ni chuo cha Umoja wa Afrika, kilizinduliwa 2011, na hakiko sehemu moja, sayansi na teknolojia iko Kenya pale chuo cha JKUAT, Juja, utawala na sayansi za jamii Kameruni, maji na nishati Aljeria, na sayansi za maisha na dunia iko ndani ya Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, na huko ndiko wanafundisha masta ya afya ya uzazi. Wakikuchukua ada inalipwa, tiketi inalipwa, unapewa pesa ya kujikimu, na unasaini kwamba ukimaliza utafanya kazi Afrika. Ukomo wa umri kwa masta ulikuwa miaka 30 kwa mwanaume na 35 kwa mwanamke. Mi nilikuwa na 34.

Naomba nikae kidogo kwenye hiyo miaka mitano. Kuna watu waliniambia huo ni upendeleo. Mi nimezaa 2020, nimenyonyesha, nimelea, na katika miaka ile ile ambayo mwanaume wa rika langu alikuwa anakusanya vyeti mi nilikuwa naamka saa nane usiku kumbadilisha mtoto. Mtu aliyeandika sharti lile alifikiria mwili wa mwanamke unafanya nini kati ya miaka 25 na 35, na ukitaka kufundisha afya ya uzazi lazima uanze kwa kufikiria hivyo. Bila ile miaka mitano mi nisingekuwa naandika hapa. Skolashipu nyingine nyingi mtoto hayumo kwenye hesabu kabisa, wanakulipia wewe kama vile umezaliwa leo peke yako.

Mtoto nilimwacha kwa mama Kisarawe akiwa na miaka miwili. Sitaandika sana kuhusu hilo. Mama alisema nenda, mi nililea sita sitashindwa na mmoja. Bibi ndiye alikuwa mgumu. Bibi yangu kwa miaka mingi alikuwa kungwi, mabinti wa unyago wa vijiji kadhaa wamepita mikononi mwake, na nilipoenda kumuaga akaniuliza, watakufundisha nini huko ambacho mi sikukufundisha? Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia bibi nitakuletea jibu nikirudi. Na mtaani ndio hivyo, ukisema unaenda kusomea afya ya uzazi na ujinsia watu wanacheka chini chini, anaenda kusomea mambo ya chumbani, mwanaume mzima mwenye heshima zake ananiuliza hayo nayo yana digrii? Nilikuwa nawajibu kwamba wanaokufa leba nao wanatokea chumbani, wananyamaza.

Ruhusa ya mwajiri ianze mapema, ianze hata kabla ya kupata majibu. Barua yangu ilikaa kwenye meza ya ofisi moja wiki saba, na mi naangalia tarehe ya kuripoti inakuja. Beba nakala za kila kitu, pita kila wiki, salimia vizuri, usigombane. Na Nigeria bila kadi ya njano ya homa ya manjano huingii.

Nilifika Lagos kwa kupitia Addis, nikapanda ile treni ya Lagos kwenda Ibadan ambayo ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu nyuma. Ibadan ni bahari ya mabati yenye kutu, ukipanda kilimani unaona paa za kahawia mpaka jicho linachoka, na teksi zao ni vigari vya Nissan Micra vinajazana kama vipanya vyetu vya zamani. Chuo ni cha 1948, kina miti mikubwa na utulivu ambao sikuutegemea. Chakula nilihangaika wiki mbili tu, manake amala ni ugali wa unga wa viazi vikuu na ile ewedu yao ni mlenda mtupu, siku nilipoionja nikacheka peke yangu, nikaona nimefika kwa shangazi.

Pesa sasa. Kokote utakakoenda, nenda na akiba ya miezi miwili mitatu, usiamini kwamba kila kitu kitakaa kama kilivyoandikwa kwenye barua. Mwanzoni mwa 2023 Nigeria ilikuwa inabadilisha noti na pesa taslimu ikaadimika nchi nzima, una hela benki ila huwezi kununua nyanya, watu wanapanga foleni kwenye ATM toka usiku. Mei mwaka huo huo ruzuku ya petroli ikaondolewa na nauli zikapanda kwa siku moja. Tulikuwa tunapika pamoja, mi na Mganda na dada wa Kameruni aliyekuwa anaongea Kifaransa zaidi, sufuria moja, ndio tulivyovuka.

Darasani kilichonitoa jasho ni takwimu. Nilikuwa sijagusa hesabu za maana toka sekondari, alafu ghafla unaambiwa fungua Stata, programu ya kuchambua takwimu kwenye kompyuta. Nililia mara mbili, sioni aibu kusema. Ila kuna siku mwalimu alikuwa anafundisha majaribio makubwa ya afya ya jamii, akaandika ubaoni neno Mwanza. Nikakaa sawa. Kumbe mwaka 1995 ilichapishwa kazi iliyofanyika vijijini kwetu kule, walichukua jamii 12, nusu wakaboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida na nusu wakasubiri, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa karibu asilimia 40 kule walikoboresha. Dunia nzima ikajadili. Nimefanya kazi kanda ya jirani miaka saba na ilibidi nivuke Afrika ndio nisikie. Wale walioleta majibu yale kila siku ni matabibu na manesi wa zahanati, waliokuwa wanaandika kwenye vitabu kama vyangu.

Kwenye somo la vijana ilibidi kila mtu aeleze jinsi kwao wanavyomfundisha binti, na mi nikaeleza unyago. Niliogopa, manake vitabuni mambo yetu huwa yanaandikwa kama tatizo tu. Nikasema lile la kweli kama nilivyolelewa, kwamba kuna mambo pale yanamwambia binti ameshaiva kwa ndoa wakati bado ni mtoto, na hayo nayapinga, lakini pia binti anapewa mtu mzima mmoja, somo wake, wa kumuuliza chochote bila kuona haya, maisha yake yote. Kliniki zetu zimempa kadi, hazijampa somo. Tulijadili mpaka muda ukapita. Usiku nikampigia mama anipe bibi nikamwambia, bibi leo umefundisha Ibadan.

Utafiti nilikuja kuufanya Katavi. Kibali cha maadili NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, alafu barua ya mkoa, ya wilaya, ya kijiji, kila mlango na barua yake. Nilichokikuta bado nakiandika kwa ajili ya jarida ila la msingi naweza kusema, ile miadi ya wiki sita ndiko mabinti wanakopotelea, na anayeamua nyumbani mara nyingi ni mama mkwe ambaye hakuna mtu aliyewahi kuongea naye. Wakati kitaalamu kitanzi cha uzazi wa mpango kinaweza kuwekwa ndani ya masaa 48 baada ya kujifungua na vijiti vinaweza kuwekwa kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, kama mwenyewe ameelezwa na ameridhika. Anayeridhika ni yeye, siyo tiki yangu.

Watu wananiuliza, sasa mbona hali imeshakuwa nzuri, vifo vya wajawazito vimeshuka, kuna haja gani ya kusomea? Ni kweli vimeshuka, TDHS ya 2022 ilionyesha 104 kwa kila vizazi hai 100,000 kutoka 556 ya 2015-16, na kila mkunga wa nchi hii anajua jasho lililotoka hapo. Ila angalia na namba za kabla ya leba. Wasichana waliopata mimba wametoka asilimia 27 wakafika 22, na wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walikuwa asilimia 32 wakawa 31, yaani hapajasogea. Tumejifunza kuwaokoa wakishafika. Namna wanavyofika bado hatujaijua vizuri, na hiyo haijulikani kwa kununua vifaa, inajulikana kwa kuuliza.

Sasa kuhusu skolashipu nyingine, siwezi kuzimaliza. Chevening ya Uingereza inataka miaka miwili ya kazi, wao wanahesabu masaa 2,800, ambayo nesi wa zamu anayo tele, unachagua kozi tatu na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Kwa huko Uingereza ukitaka somo lenyewe hasa, London School of Hygiene and Tropical Medicine wana masta ya utafiti wa afya ya uzazi na ujinsia. Commonwealth, yaani Jumuiya ya Madola, wana na ile ya kusoma kwa mbali, unabaki kituoni kwako na mtoto wako, na mi nawaambia kina mama wenye watoto wadogo waiangalie hiyo kabla ya kitu kingine. Swedish Institute wanataka masaa 3,000 ya kazi. Ubelgiji wana VLIR-UOS. Uholanzi ile OKP iliyosomesha Watanzania wengi imeshafungwa, usipoteze muda na matangazo yake ya zamani yanayozunguka kwenye magrupu. Kwa PhD angalia OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, kama wewe ni mwanamke, na CARTA, muungano wa vyuo vya Afrika wa kufundisha watafiti, kama umeajiriwa kwenye chuo mwanachama. Na kuna HRP, programu ya utafiti wa uzazi iliyoko WHO toka 1972, wana mtandao wa vituo na kwa Afrika kimoja ni kituo cha utafiti cha APHRC Nairobi, hapo karibu kabisa, wanasaidia wanafunzi wa masta na PhD kwenye fani hii hii yetu.

Na usidharau za ndani. MUHAS, KCMC, Bugando, hivi vyuo vya afya na hospitali zetu kubwa, watafiti wakipata mradi mara nyingi wanabeba na wanafunzi, na hiyo nafasi huioni imeandikwa skolashipu mahali popote, unaipata kwa kumwandikia mtafiti barua pepe ya mistari kumi yenye swali la maana.

Nasisitiza za ndani na za Afrika kwasababu hali imebadilika na tuambiane ukweli. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada na Julai mosi USAID ikafungwa rasmi, wenzangu waliokuwa kwenye miradi ya uzazi wa mpango walirudi nyumbani na maboksi. Uingereza imetangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato lao mpaka 0.3 ifikapo 2027. Na kilichoniuma zaidi, ule mpango wa Marekani uliokuwa unasaidia tafiti za DHS duniani, hizi ambazo TDHS yetu ni mojawapo, ndio ule ule uliosaidia kuhesabu wasichana wa Katavi, ulikatishwa Februari 2025. Nilisoma ile habari nikaikumbuka siku niliyokuta asilimia 45 nikasema kumbe kuna mtu alihesabu. Sasa anahesabu nani? Mi sina jibu lingine zaidi ya sisi, sisi tulio na vitabu, ndio mana nakasirika nikiona tabibu mwenye akili anasema mambo ya masta ni ya madaktari wa mjini.

Jana saa sita usiku kijana mmoja, tabibu wa zahanati huko Mpimbwe, amenitumia insha yake kwa wasap. Sentensi ya kwanza, tangu nikiwa mdogo nimekuwa na shauku ya kuisaidia jamii. Nikamwandikia, kaka, hapo zahanati ni kitu gani kimekukosesha usingizi mwezi huu? Zikakaa zile tiki mbili za bluu karibu robo saa. Alafu akaandika kwamba kuna wasichana wanakuja kutibiwa magonjwa ya zinaa kwa kutumia majina na kadi za dada zao walioolewa, manake mwenye ndoa haulizwi maswali mengi. Nikaisoma mara mbili. Miaka yote saba niliyokaa Katavi sikuwahi kuliona hilo.

Nikamuuliza, umehesabu?

Akajibu, hapana dada, wanakuja na majina ya watu wengine, sasa nitawahesabuje?

Nikamwambia afute ile sentensi ya kwanza aweke hiyo.